Mitetea Mitatu na Jogoo wa Kuazima

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, na usiku wenyewe uwe wa giza, mwezi haupo, ili taa za wavuvi ziwavute samaki juu. Ni kazi ya kukesha, kuvuta wavu uliolowa na kushindana na upepo. Kijana anaiweza huku anaimba. Mtu akishagonga miaka sitini mgongo unaanza kudai, na siku moja anamwachia mwanawe mtumbwi, anabaki nyumbani. Mama aliyezoea kubanika migebuka naye macho yameshachoshwa na moshi. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hakuwahi kuvua wala kubanika, amefikisha miaka 60 ya kustaafu kwa lazima na barua yake ameipokea. Watu hawa watatu, kila mmoja kwa njia yake, wanafika kwenye wazo moja: nifuge kuku.

Sura hii ni yao. Nimeiweka Kasanga, wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, kwa sababu pale mambo ya ufugaji mdogo yanaonekana wazi kuliko kwingi ninakokujua. Kasanga iko ufukweni kabisa. Wajerumani walipaita Bismarckburg na mabaki ya boma lao bado yapo juu ya ziwa. Kutoka Sumbawanga unapitia Matai, safari ya kilomita zaidi ya 100, na katika safari hiyo unateremka takriban mita elfu moja: Sumbawanga iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ziwa liko mita 770 hivi. Mwezi wa Juni watu wa juu wanavaa masweta mpaka adhuhuri, wa chini wanatafuta kivuli. Kuku anayehamishwa kutoka kule kuja huku amebadilishiwa dunia, na anayemfuga lazima alijue hilo.

Neno langu kwa anayeanza akiwa mtu mzima ni hili. Anza na mitetea mitatu ya kienyeji na jogoo wa kuazima. Acha kundi lijiongeze lenyewe kwa kutotoa. Akiba ya uzeeni usiiguse.

Najua shauri hili halina mvuto kwa mtu aliyepokea kiinua mgongo juzi. Mjadala wa kikokotoo cha mafao ya kustaafu tumeusikia wote: kanuni za 2018 zilizoshusha mkupuo wa kwanza hadi asilimia 25, Rais Magufuli akazisitisha Desemba mwaka huohuo, mwaka 2022 ikawa asilimia 33, bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu. Asilimia iwe yoyote, fedha ile huja mara moja tu. Na ikishaingia benki, mstaafu hakosi mtu wa kumpigia hesabu ya kuku wa mayai mia tano: mayai haya kwa siku, trei hizi kwa wiki, mara bei, jumla hii hapa.

Tuipige hesabu hiyo upande wa pili. Kuku wa mayai wa kisasa hatagi kabla ya wiki ya 18 au ya 20. Mpaka afike hapo ameshakula kilo sita hadi saba za chakula cha kununua. Kuku mia tano, hizo ni tani tatu na zaidi, kabla hujaona hata yai moja. Wakianza kutaga kila mmoja anataka gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani kundi linamaliza kilo sitini hivi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Chakula hicho kinatoka mbali na kila mfuko umelipiwa nauli ya kupanda na kuteremka uwanda wa juu wa Ufipa. Kuku wa kisasa akikosa chakula siku mbili anaacha kutaga, na ugonjwa ukiingia hauchukui watatu. Kijana aliyefilisika kwa kuku wa kisasa ana miaka ishirini ya kujikusanya upya. Mstaafu hana nafasi hiyo, na ndiyo maana nasema kwa nguvu: fedha ya dawa, ya bima na ya paa la nyumba isigeuzwe pumba.

Mvuvi na mkulima hawana hata huo mkupuo wa kuhatarisha. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni jamii, hata kama hakuajiriwa maisha yake yote. Bara hakuna pensheni ya namna hiyo kwa wote. Kaya zilizo duni zaidi hufikiwa na ruzuku ya TASAF kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na ukiwauliza wanufaika fedha ya kwanza waliipeleka wapi, mara nyingi utajibiwa kuku. Sioni kama ni bahati. Kuku ndiye mfugo pekee ambaye mtu wa kipato hicho anaweza kumnunua leo na kumuuza kesho bila kumwomba mtu ruhusa.

Basi mitetea mitatu. Itafute kijijini kwako au kijiji cha jirani, kwa mtu unayemfahamu. Usiinunue mnadani. Chagua mtetea aliyekwisha kutaga na kulea mara moja, kwa sababu hapo hununui kuku tu, unanunua tabia yake ya kuatamia bila kuvunja mayai na kulinda vifaranga mwewe akizunguka. Kuchi ni kuku mrefu, wa kupigana, anapendeza kumtazama na jogoo wake anauzika vizuri, lakini kwa mwanzo wa mzee mimi simpendekezi. Mtetea wa kawaida mwenye mwili wa wastani analea vizuri zaidi. Sasso na Kuroiler, kuku chotara walioenea nchini miaka hii, wanakua haraka na wanataga zaidi, ila kuatamia kwao ni kwa shida, kwa hiyo kila ukitaka vifaranga utarudi kununua. Anayetaka kundi linalojiongeza lenyewe hawezi kuanzia hapo.

Jogoo wa kununua huhitaji. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi, na mtetea akishapandwa mayai yake huendelea kuwa na mbegu kwa siku kumi na zaidi. Ukiwa na mitetea mitatu, jogoo wa jirani akikaa kwako kipindi cha utagaji amemaliza kazi. Malipo yake yanaeleweka: kundi likikua, mwenye jogoo anapewa pora mmoja. Mpango huu una faida nyingine ambayo watu hawaitaji. Unampa mzee sababu ya kwenda kwa jirani na jirani sababu ya kuja kwake.

Banda ni mahali pa kutumia akili zaidi kuliko fedha, na hapa mwili wa mwenye banda ndio kipimo. Mabanda mengi ya vijijini yamejengwa kwa ajili ya mtu anayeweza kuchuchumaa na kuingia kichwa kwanza. Mtu wa miaka 65 mwenye magoti mabovu ataingia wiki ya kwanza, wiki ya pili atamtuma mtoto, wiki ya tatu banda halifagiliwi tena. Jenga banda la kuinuka. Nguzo nne, sakafu ya fito au mianzi iwe usawa wa kiuno chako, nafasi kati ya fito na fito ipitishe kinyesi lakini isipitishe mguu wa kuku. Mlango uwe mpana na ufunguke upande mzima, ili mkono wako ufike kila kona ukiwa umesimama wima. Kinyesi kinaanguka chini, kinazolewa kwa koleo lenye mpini mrefu, kinakwenda kwenye bustani ya mchicha. Nguzo zipakwe oili chafu au zivishwe bati mviringo kuzuia panya, nyoka na kicheche. Viota viwe ndani, vyenye giza kidogo, navyo usawa wa mkono.

Kasanga ukuta wa upande wa kivuli uwe wazi, wa fito na wavu, maana joto la bonde lile linamtesa kuku. Ukimkuta amepanua mdomo na kutandaza mabawa saa nane mchana, banda lako limezibwa mno. Matai na Sumbawanga ni kinyume. Kule upepo wa Juni na Julai unaua vifaranga kwa usiku mmoja, na ukuta wa upande wa upepo lazima uzibwe kwa udongo au magunia. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ambalo mama yake anampa chini ya bawa. Akilowa au akipulizwa na upepo, mama peke yake hatoshi.

Na tafadhali, usilale chumba kimoja na kuku. Najua wizi upo na najua kwa nini wazee wengi wanafanya hivyo. Lakini vumbi la manyoya na kinyesi kilichokauka linaingia kwenye mapafu yaliyokwisha kupungua nguvu, na kikohozi kinachoanza hivyo hakiishi upesi. Banda lisogezwe karibu na dirisha la chumba, mlango utiwe kufuli, mbwa afungwe karibu. Wakati wa kufagia ziba pua kwa kitambaa, ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Chakula kingi kuku wa kienyeji anajitafutia. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na uwanja wa Kasanga una vya kuchakurwa: mabaki ya muhogo, pumba za mahindi, ulezi uliomwagika kwenye kinu, wadudu wa kwenye majani yaliyooza. Anachokosa ni protini, hasa anapotaga na vifaranga wanapokua. Hapo Kasanga imebarikiwa, kwa kuwa chini ya kila kichanja cha kuanikia dagaa kuna vipande vilivyovunjika na vumbi ambalo muuzaji halihitaji. Lipepete kwa ungo kuondoa mchanga, kwa sababu dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga mwingi. Kilo moja ya vumbi la dagaa kwa kilo kumi za pumba na nafaka inatosha. Ukizidisha, mayai yananuka samaki na mteja hatarudi. Mabaki ya samaki wa chumvi usiwape kabisa. Chumvi inamuua kuku.

Mwaka 2024 neema hiyo ilikatika ghafla. Kwa makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa, uvuvi katika Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa mfugaji mdogo, miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu ya kubuni. Mashudu ya alizeti kutoka viwanda vidogo vya ukanda wa juu ni jibu mojawapo. La pili halina gharama yoyote: mchwa. Chukua chungu kikuukuu, kijaze mabua makavu yaliyopondwa na mavi ya ng'ombe, loanisha kwa maji, kigeuze kifudifudi juu ya njia ya mchwa jioni. Weka jiwe juu na majani ya kukikinga na jua. Asubuhi ya pili au ya tatu kinyanyue taratibu. Chungu kimejaa mchwa, na ukikikung'uta mbele ya vifaranga mapema asubuhi utaona nguvu wanayoipata. Ni kazi ya dakika chache, haihitaji mgongo, na mzee aliyekulia Ufipa anajua mchwa wanapita wapi kuliko mtaalamu yeyote.

Sasa kutotoa, ambako ndiko kundi linakotoka. Mtetea wa kienyeji anataga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha anaatamia siku 21, kisha anaongoza vifaranga wiki nane au zaidi kabla ya kutaga tena. Akiachwa afanye atakavyo, atakupa mizunguko mitatu kwa mwaka. Mitetea yako mitatu itaanza kuatamia kila mmoja kwa wakati wake, na utajikuta una vifaranga wa rika tatu, wakubwa wakiwapokonya wadogo chakula. Ipo mbinu ya zamani ya kuwaweka sawa. Mtetea wa kwanza akianza kulalia, mwondolee mayai yake na umwekee mayai viza matatu au manne ya kumdanganya. Mayai mazuri yahifadhi mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini, kwa muda usiozidi siku kumi. Kasanga mahali pa baridi maana yake ni chungu chenye mchanga, kilichowekwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa nje. Andika tarehe kwenye kila yai kwa penseli. Wa pili na wa tatu wakishalalia, wape wote mayai mazuri jioni moja, kumi hadi kumi na mawili kila mmoja, baada ya jua kuzama, kwa sababu kuku anayewekewa mayai gizani hagombi.

Siku ya saba chukua tochi ya simu. Ingia gizani, toa yai moja, lifunike kwa vidole ili mwanga usivuje pembeni, weka tochi kwenye ncha butu. Yai lenye kifaranga lina doa jeusi dogo linalocheza, na mishipa myembamba ya damu imetoka pale na kutawanyika kama mizizi ya mche mchanga. Yai lisilo na mbegu linang'aa lote, manjano tupu. Lenye pete ya damu lilianza likafa. Yasiyo na kitu yaondoe, yatakuja kuoza na kupasuka chini ya mama. Mara nyingi utakuta mitetea mitatu imebaki na mayai ambayo mitetea miwili inaweza kuyalalia yote, basi wa tatu anaachiliwa arudi kutaga. Nimeona wazee wenye macho hafifu wakiifanya kazi hii pamoja na wajukuu, mzee akishika yai na mtoto akisoma kilichomo, na sijaona somo la baiolojia linaloishinda.

Vifaranga wakitoka, wafungie na mama yao chini ya tenga kubwa lililosukwa kwa mianzi, uani, wiki nne za mwanzo. Usiku wanaingizwa bandani. Huu ndio muda mwewe, nguchiro na paka wanapofanya hasara, na mzee aliye nyumbani kutwa ana silaha ambayo kijana wa shambani hana, yaani yupo. Hesabu ya kalamu: mitetea mitatu, mizunguko mitatu, vifaranga kumi kila mzunguko, ni tisini. Nusu wakifika umri wa kuuzwa, una kuku arobaini na tano kwa mwaka kutoka kwenye mitetea mitatu.

Hesabu hiyo yote inafutwa na ugonjwa mmoja, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Ni mdondo, wengine wanauita kideri. Kitaalamu unaitwa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana Java. Kwetu Rukwa mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Mdondo huja na kiangazi, hasa kuanzia Julai, vumbi na upepo vikizidi na kuku wakisafirishwa kwenda minadani. Unamkuta kuku amezubaa, mabawa yameshuka, anakoroma, kinyesi cha kijani. Wengine shingo inapinda mpaka kichwa kinatazama nyuma. Ndani ya siku chache kundi ambalo halikuchanjwa linaweza kwisha karibu lote. Dawa hakuna. Vidonge na unga wa antibiotiki unaouziwa dukani haviui kirusi cha mdondo, na mzee anayetumia fedha yake ya mwisho kununua antibiotiki kwa ajili ya mdondo ameibiwa mara mbili.

Chanjo ipo, tena nzuri, na historia yake inastahili kusimuliwa. Kwa miaka mingi chanjo za mdondo zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba makubwa: chupa ya kuku elfu moja, lazima ikae kwenye jokofu tangu kiwandani mpaka bandani. Kijiji kisicho na umeme hakikuweza kuitumia. Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, pamoja na wenzake, walitafuta kirusi kisicho na madhara kinachostahimili joto, wakapata aina iitwayo I-2, na mbegu yake wakaigawa bure kwa nchi zinazoendelea ili zijitengenezee chanjo. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Leo Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, inaitengeneza hapa nchini kwa jina la TEMEVAC. Kustahimili joto hakumaanishi iachwe juani. Inabebwa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kikapu chenye kifuniko. Lakini inafika Kasanga ikiwa hai, na hilo ndilo lililokuwa halifanyiki.

Inatolewa kwa tone moja jichoni. Fanya alfajiri kabla ya kufungulia, kuku wakiwa bado bandani. Mmoja anamshika kuku kwapani, mabawa yamebanwa, kichwa kimelazwa upande ili jicho litazame juu. Mwingine anashika chupa wima, mdomo chini, bila kuligusa jicho, anaminya mpaka tone lianguke. Usimwachie hapohapo. Subiri apepese. Akipepesa, tone limeingia. Likimwagika shavuni, rudia. Kipimo ni kilekile kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga. Kinga inahitaji wiki moja hadi mbili kukomaa, na inapungua, kwa hiyo unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kumbukumbu rahisi ni mwanzo wa kila robo ya mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Ile ya Julai isicheleweshwe hata kwa wiki. Aliyekwisha ugua chanjo haimwokoi.

Chupa ikishafunguliwa na kuchanganywa lazima itumike siku hiyo, nayo ina matone ya kuku mia na zaidi. Mwenye mitetea mitatu akinunua peke yake amemwaga chanjo yote. Kwa hiyo kuchanja ni shughuli ya mtaa. Kaya kumi zinachanga, mmoja anafuata chanjo kwa afisa mifugo au kwenye duka la pembejeo, na asubuhi hiyo chupa inapita nyumba kwa nyumba. "Shikamoo babu, kuku wako wangapi leo?" "Marahaba mjukuu wangu, tisa, yule mweusi mshike vizuri ana fujo." Mzee ambaye yupo nyumbani siku zote ndiye anayefaa kutunza daftari la mtaa na kugonga milango tarehe ikikaribia. Jirani asiyechanja anahatarisha kila mtu, ikiwa ni pamoja na jogoo unayemwazima, na kumfuata kwa upole mpaka akubali ni sehemu ya ufugaji.

Kasanga ni bandari. Mizigo inakwenda Kongo, Burundi na Zambia, na abiria wanaokuja na kwenda hubeba kuku kwenye matenga. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa mdondo kamba hiyo ndiyo inayookoa kundi. Kuku yeyote anayeingia kwako, awe wa kununua, wa zawadi au aliyerudi kutoka mnadani bila kuuzwa, afungwe upande wa pili wa uwanja wiki mbili kamili, ale na kunywa kwenye vyombo vyake, ahudumiwe mwisho baada ya wengine. Asipoonyesha dalili apate chanjo na aingie. Jogoo wa kuazima naye ni mgeni, isipokuwa ametoka nyumba iliyochanja pamoja nawe siku moja. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa achimbiwe shimo refu au achomwe. Asitupwe ziwani, na wagonjwa wasikimbizwe mnadani kuuzwa kabla hawajafa, maana hivyo ndivyo kijiji kizima kinavyoambukizwa.

Magonjwa mengine nayapitia kwa haraka. Ndui ya kuku huletwa na mbu, nao ufukweni hawakosekani baada ya mvua. Chanjo yake inachomwa kwenye ngozi ya bawa mara moja. Viroboto wanaoganda kwenye macho na upanga wa kuku huwamaliza vifaranga damu. Paka mafuta ya kula pale walipoganda na umwagie banda majivu. Kuhara damu kwa vifaranga huchochewa na sakafu mbichi, na banda la kuinuka limeshamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Kundi likifika mitetea kumi, simama. Uwanja wa nyumba moja hauna cha kuwalisha zaidi ya hapo, na mwenye miaka sabini hana miguu ya kuwafuatilia. Mapora yauzwe, mengi Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu. Mayai yaliwe. Nasisitiza hili kwa sababu wazee wengi huuza kila yai na kula ugali kwa mboga za majani pekee, ilhali yai moja lina gramu sita hivi za protini, na misuli ya mtu mzima inapungua upesi akizikosa. Mwenye banda apate yake kwanza, kabla ya mteja. Kila mwaka jogoo abadilishwe, mwazime kwa nyumba nyingine, ili asipande binti zake.

Na mtoto anayekushikia kuku siku ya chanjo, anayesoma mayai kwa tochi na kukung'uta chungu cha mchwa, mpe mtetea awe wake kwelikweli, kwa jina lake kwenye daftari, mapato yake yasichanganywe na yako. Mzee huumwa, huenda kutibiwa Sumbawanga, hulala hospitali wiki mbili au tatu. Banda linahitaji mtu wa kulifungua asubuhi na kulifunga jioni, anayejua kwamba Oktoba imefika na chupa ya chanjo inapita mtaani. Mtoto mwenye mtetea wake mle ndani hahitaji kukumbushwa.